Mfumo umegoma: kutafuta tatizo kati ya fomu za Access na seva ya kanzidata

Mvua zikianza Novemba, simu yangu hulia mapema kuliko kengele. Mara nyingi ni mama mmoja mwenye duka la pembejeo Uyole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Mfumo umegoma tena."

"Kile kiboksi kilichotokea kimeandika nini?"

"Kimeandika Kiingereza. Nimebonyeza OK kikaondoka."

Kiingereza hicho kilichoondoka ndicho nusu ya jibu. Kabla ya kubonyeza chochote, kipige picha kwa simu, namba ya kosa ionekane. Nimeshapanda basi hadi Makambako kwenda kuwasha huduma ambayo mtu wa pale angeiwasha kwa kubofya mara moja, kwa sababu tu niliambiwa "imekataa kabisa" badala ya kusomewa namba nne.

Mfumo ninaouzungumzia hapa ni ule uliozoeleka kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maduka, zahanati binafsi na yadi za mbao kuanzia Vwawa hadi Mafinga: kompyuta tatu au nne zenye fomu za Microsoft Access au LibreOffice Base, na kompyuta moja pembeni iliyobeba data yenyewe kwenye MySQL au MariaDB, programu za kanzidata, yaani za kutunza data. Katikati kuna draiva ya ODBC (mkalimani kati ya fomu na kanzidata), waya wa mtandao na swichi, au waifai. Wenye PostgreSQL na SQL Server nao wamo, nitasema panapotofautiana. Kwenye mifano yote, anwani ya seva ni 192.168.1.10. Weka yako.

Kwanza jua hodi yako imeishia wapi

Fomu inapotafuta seva inafanya kama mgeni: inakwenda hadi nyumbani, inapiga hodi, inajitambulisha. Namba ya kosa inakuambia imekwama hatua gani.

Kosa 2003 lenye 10060 ndani yake: hodi imepigwa, kimya. Ama nyumba siyo hiyo, ama njia imekatika, ama fayawoli, ukuta wa ulinzi wa kompyuta, inameza hodi. Seva ikiwa ya Windows na fayawoli imewashwa, hata huduma iliyolala hutoa kimya hiki hiki.

Kosa 2003 lenye 10061: nyumba ipo, mlango umefungwa. Huduma ya kanzidata haijaanza, au inasikiliza poti (mlango wenye namba) nyingine, au inasikiliza ndani ya seva tu.

Kosa 1130: umefika, ila kompyuta yako haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia.

Kosa 1045: umeulizwa wewe ni nani, ukajibu vibaya. Mara nyingi ni nenosiri, lakini siyo kila mara, tutaona.

IM002 au IM014: hata nyumbani kwako hujatoka. Tatizo liko kwenye ODBC ya kompyuta unayoitumia.

Kwa hiyo aliyepata 1045 asihangaike na waya, na aliyepata 10060 asianze kubadilisha manenosiri. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini nimekuta watu wamesakinisha Windows upya kwa kosa la 1130.

Dalili: jana tulifunga salama, leo hakuna kompyuta hata moja inayoingia

Zote zikikataa kwa pamoja, achana na kompyuta za watumiaji. Nenda kwenye seva.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni umeme kukatika usiku. Umeme ukirudi, seva inajiwasha au inawashwa, lakini huduma ya kanzidata haijiwashi. Hili huwapata sana waliosakinisha XAMPP (kifurushi ambacho kanzidata yake ni MariaDB, ingawa paneli inaiita MySQL) kwa kufuata video, kwa sababu pale MySQL huanza tu mtu akibonyeza Start, isipokuwa kama iliwekwa iwe huduma ya Windows. Fungua paneli ya XAMPP, angalia kama mstari wa MySQL una rangi ya kijani. Hauna? Bonyeza Start. Ikikubali, subiri watu wasiwe kazini, bonyeza Stop, funga paneli, ifungue tena kama msimamizi, uweke alama kwenye kisanduku kidogo kilicho kushoto mwa MySQL ili kesho ianze yenyewe, kisha bonyeza Start tena. Kwenye Ubuntu ni `sudo systemctl status mariadb`, na kama imelala, `sudo systemctl start mariadb`, halafu `enable` badala ya `start` ili iwe inaamka yenyewe.

Inayofuata kwa wingi: anwani ya seva imebadilika. Rauta nayo ilizimika usiku, ikaamka, ikagawa anwani upya, ile 192.168.1.10 sasa amepewa printa au simu ya mtu, na seva imekuwa 192.168.1.14. Kwenye seva andika `ipconfig`, au `ip a` kwa Linux, ulinganishe na iliyoandikwa kwenye ODBC. Zikitofautiana, usibadilishe ODBC za kompyuta zote nne, maana wiki ijayo utarudia kazi hiyo hiyo. Ingia kwenye rauta, uiwekee seva anwani ya kudumu kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao. Kisha andika anwani hiyo kwa maka peni kwenye kasha la seva. Utanishukuru siku ya mvua.

Ya tatu ni fayawoli ya Windows. Ukibadilisha rauta, Windows huona ni mtandao mpya na wakati mwingine huuweka kundi la mtandao wa hadharani, ambalo linafunga milango mingi. Kwenye seva fungua mipangilio ya mtandao, uurudishe kuwa mtandao binafsi. Kisha kutoka kompyuta nyingine fungua PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 3306`

Ukiona `TcpTestSucceeded : True`, njia iko wazi na tatizo liko mbele zaidi. PostgreSQL hutumia 5432, SQL Server 1433. Usitegemee `ping` peke yake: seva nyingi za Windows hazijibu ping ingawa kanzidata inajibu vizuri tu, na kinyume chake pia hutokea.

Ya nne, ya kwetu hasa, ni radi. Haihitaji kupiga nyumba. Inapita kwenye waya mrefu uliovutwa juu ya paa kwenda ghalani na kuua poti mbili za swichi, huku taa nyingine zikiendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu. Angalia taa ndogo pale waya wa seva ulipochomekwa. Haiwaki? Hamishia poti nyingine. Bado? Badilisha waya. Bado? Basi kadi ya mtandao ya seva imekufa, na kadi ya USB ya bei ndogo itakuokoa kwa siku hiyo.

Simama hapa, ita fundi umeme: ukigusa kasha la seva ukahisi linakutekenya, ukisikia harufu ya kuungua, au betri ya UPS imevimba. Hilo siyo suala la kanzidata. Linahusu erthi ya jengo na uhai wako.

Ya tano: diski imejaa. Huduma inaanza, inaishi sekunde chache, inakufa. Angalia nafasi iliyobaki. Usifute faili lolote lililo ndani ya folda ya data ili kupata nafasi. Futa filamu na faili za kupakuliwa, ambazo kwa uzoefu wangu hazikosekani kwenye seva ya ofisi.

Ya mwisho, na ndiyo inayotisha: kanzidata yenyewe imeumia wakati umeme ulipokatika katikati ya kuandika. XAMPP inasema MySQL imezimika bila kutarajiwa, au faili la kumbukumbu za makosa linataja InnoDB (injini inayohifadhi majedwali) na uharibifu. Hapa ndipo watu wanapopoteza data kwa mikono yao wenyewe. Kuna ushauri unaozunguka kwamba badilisha jina la folda ya `data`, nakili folda ya `backup` badala yake, kisha rudisha folda ya kanzidata yako. Anayesahau kurudisha na faili la `ibdata1` hukuta majina ya majedwali yote yapo, lakini akifungua anapata kosa 1932: jedwali halipo kwenye injini. Kwenye MariaDB ile ya XAMPP, orodha ya majedwali ya InnoDB inakaa ndani ya `ibdata1`. Bila hiyo, faili zako za data ni magunia yasiyo na lebo.

Simama hapa kabisa: zima huduma, nakili folda nzima ya `data` kwenye diski ya nje kama ilivyo, kisha piga simu kwa mtu anayejua. Usijaribu `innodb_force_recovery` kwa kubahatisha namba. Inaanzia 1 hadi 6, na kuanzia 4 kwenda juu inaweza kuharibu data moja kwa moja.

Dalili: wenzangu wanaingia, kompyuta yangu tu ndiyo inakataa

Sasa seva haina kosa. Anza na waya wa kompyuta hiyo, kisha angalia jina la waifai. Rauta nyingi zina waifai ya wageni inayozuia vifaa kuonana. Intaneti unapata, WhatsApp inafanya kazi, ila seva huioni. Kijana wa kaunta akijiunga na ile ya wageni kwa sababu "ina kasi", umekwisha.

Kisha angalia saa na tarehe. Kompyuta za mtumba zikikatiwa umeme huku kibetri cha ubao, CR2032, kimekwisha, huamka zikidhani ni miaka kumi na zaidi iliyopita. Muunganisho unaotumia cheti cha usalama utakataliwa kwa maelezo kwamba cheti bado hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, badilisha kibetri.

Kama kompyuta inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja na ni akaunti moja tu ya Windows inayoingia, DSN, yaani muunganisho wa ODBC uliopewa jina, ilitengenezwa chini ya kichupo cha mtumiaji badala ya kile cha mfumo. Itengeneze upya kwenye System DSN.

Na ukiona kosa 1129, seva imeifungia kompyuta yako kwa sababu imeanza na kukatishwa mara nyingi mno bila kumaliza kujitambulisha. Kiwango cha kawaida ni mara 100. Kwenye MariaDB amri ni `FLUSH HOSTS;`. Lakini usiishie hapo. Tafuta kilichokuwa kinakatisha, na mara nyingi ni waya uliobanwa na mguu wa meza.

Dalili: IM002 au IM014

Karibu kila mara ni biti. Access ya biti 32 haioni draiva ya biti 64, hata kama Windows ni ya biti 64. Fungua Access, nenda File, kisha Account, kisha About, usome mstari wa juu. Draiva lazima iwe ya biti hizo hizo.

Mtego uko kwenye majina ya folda. Kidhibiti cha ODBC cha biti 32 kiko `C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe`, na cha biti 64 kiko `C:\Windows\System32\odbcad32.exe`. Ndiyo, kile chenye 64 kwenye jina la folda ndicho cha 32. Sikupanga mimi.

IM014 ni ugomvi wa biti peke yake. IM002 inaweza pia kuwa jina la DSN limeandikwa tofauti: `Duka_Kuu` na `DukaKuu` ni vitu viwili. Wenye LibreOffice Base wanaopitia JDBC (njia ya Java badala ya ODBC), Java nayo ifuate biti za LibreOffice. Ukichoka na Java, tumia muunganisho wa moja kwa moja wa MySQL uliomo humo.

Dalili: seva imejibu, imekukataa

Kosa 1045 lisome lote, hasa upande wa kulia wa alama ya @. Ukiona `'mauzo'@'192.168.1.23'`, jua kwamba kwa MySQL mtumiaji ni jina pamoja na mahali anakotoka. `mauzo` wa `localhost` na `mauzo` wa mtandaoni ni watu wawili. Ndiyo maana nenosiri linafanya kazi ukiwa umekaa kwenye seva, halafu linakataliwa ukiwa kaunta. Tengeneza mtumiaji wa mtandao wa ndani:

`CREATE USER 'mauzo'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu';`
`GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON duka.* TO 'mauzo'@'192.168.1.%';`

Usimpe `root`, mtumiaji mkuu wa kanzidata, ruhusa ya kutoka popote kwa alama ya `%`. Najua inatatua tatizo kwa dakika moja. Inatatua pia tatizo la mwizi.

Kama ni 10061 na una uhakika huduma imewaka, huenda seva inasikiliza ndani tu. Kwenye Ubuntu, MariaDB huja na `bind-address = 127.0.0.1` ndani ya `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf`. Weka anwani ya seva, uiwashe huduma upya. PostgreSQL ina mambo mawili: `listen_addresses` kwenye `postgresql.conf`, ambayo inahitaji kuwashwa upya, na mstari wa kuruhusu mtandao wako kwenye `pg_hba.conf`, ambao unatosha kusomwa upya.

Kosa 2059 lenye neno `caching_sha2_password` ni draiva ya zamani inayokutana na MySQL 8. Sakinisha draiva mpya. Usirudishe seva nyuma ili imfuate mzee.

SQL Server Express huja ikiwa imefunga TCP/IP. Ifungue kwenye Configuration Manager, na kama ina jina la instansi (jina lililopewa usakinishaji huo wa SQL Server), washa huduma ya Browser na ufungue poti 1434 ya UDP. Draiva ya ODBC namba 18 hudai usimbaji tangu mwanzo, hivyo italalamikia cheti ambacho ile ya 17 iliridhika nacho.

Dalili: nimeingia, lakini jedwali limejaa #Deleted, au halikubali kuandikwa

Usiogope, data haijafutwa. Access imeleta funguo za rekodi, ikarudi seva kuuliza kila rekodi kwa ufunguo wake, na haikupata inayolingana. Sababu ya kwanza ni ufunguo wa aina ya BIGINT (namba nzima kubwa mno) kwa Access za zamani. Ubadilishe kuwa INT kama rekodi zako hazitafika bilioni mbili, na duka la mbolea halitafika. Kisha unganisha jedwali upya, maana Access hukumbuka umbo la jedwali kama ilivyoliona mara ya mwisho. Sababu ya pili ni mpangilio wa draiva ya MySQL: weka alama kwenye ile sehemu ya kurudisha mistari iliyolingana badala ya iliyobadilika.

Jedwali la kusoma tu halina ufunguo wa msingi, yaani safu inayotambulisha kila rekodi. Base hufanya vile vile. Weka ufunguo, unganisha upya.

Ukihifadhi ukaambiwa mtu mwingine amebadilisha rekodi, na uko peke yako ofisini saa mbili usiku, lawama ni za safu ya FLOAT, aina ya namba inayotunza desimali kwa kukadiria. Access inalinganisha thamani ya zamani na ya sasa, desimali za mbali hazilingani, inadhani kuna mtu. Pesa na kilo zikae kwenye DECIMAL, na uongeze safu moja ya TIMESTAMP. Kwa SQL Server tazama pia safu za bit (ndiyo au hapana) zenye NULL, yaani zisizo na thamani, ziwekee 0.

Dalili: inakubali kwa wakulima wote, isipokuwa wa Bomalang'ombe

Hii nimekaa nayo siku nzima Iringa mjini, kwenye ofisi iliyokuwa inasajili wakulima wa Kilolo. Karani alikuwa ameshaanza kuamini kwamba kompyuta inabagua. Mkulima wa Dabaga anaingia. Wa Ilula anaingia. Wa Bomalang'ombe, Ng'uruhe na Ng'ang'ange, kosa la sintaksia, opereta inakosekana.

Fomu ilikuwa na mstari huu:

`DLookup("Deni", "wakulima", "Kijiji='" & Me.Kijiji & "'")`

Kile kidole cha ng' ndicho alama ile ile inayofunga maandishi kwenye SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata. Kanzidata inasoma `'Bomalang'`, inadhani jina limekwisha, kisha inakutana na `ombe` isiyojua ni nini. Aliyeandika fomu alijaribu kwa majina ya Asha na Juma, na kwa majina hayo iko sawa.

Tiba ya haraka ni kuzidisha alama hiyo kabla ya kutuma: `Replace(Me.Kijiji, "'", "''")`. Tiba ya kweli ni kutumia kwiri (maombi kwa kanzidata) zenye vigezo, ambapo jina linapita kama thamani, siyo kama kipande cha amri. Inakulinda pia na mtu atakayeandika amri ya SQL kwenye kisanduku cha jina kwa makusudi.

Wale karani walikuwa wamepata njia yao: wakaandika Bomalangombe, bila alama. Wengine waliandika kwa simu, ambayo huweka ile alama iliyopinda, ’, isiyofanana na ' ya kibodi. Kijiji kimoja kikawa vijiji vitatu kwenye ripoti. Kabla ya kusafisha, chukua bekapu. Kisha badilisha zile zilizopinda kwa `REPLACE`, na zilizokosa alama uzirekebishe ukiwa na orodha ya vijiji mkononi. Usiruhusu kompyuta ibahatishe.

Ndugu wa tatizo hili ni tarehe. Mauzo ya 5 Juni yanaonekana 6 Mei, lakini ya 13 Juni yako sawa. Access ndani ya SQL husoma mwezi kwanza, kwa mtindo wa Marekani, bila kujali Windows yako imepangwaje. Ikikosa mwezi wa 13 ndipo inageuza yenyewe. Ukijenga kwiri kwa msimbo tumia `Format(Me.Tarehe, "\#mm\/dd\/yyyy\#")`, na kwa zinazokwenda moja kwa moja kwenye MySQL, mwaka kwanza: `2025-06-05`. Na kama saa zimepungua tatu kamili, yaani mauzo ya saa tatu asubuhi yanasomeka saa kumi na mbili, seva iko kwenye saa za UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu.

Dalili: inafanya kazi, lakini inatambaa

Uliza kwanza: inachelewa kuingia, au inachelewa ukiwa ndani?

Inayochelewa kuingia, sekunde kumi au zaidi, halafu inakimbia vizuri, hasa siku intaneti ilipokatika, huwa inawachanganya watu. Seva iko chumba cha pili, intaneti inahusikaje? MySQL ikipokea hodi hujaribu kutafuta jina la kompyuta inayopiga, inauliza rauta, rauta inauliza nje, nje hakuna mtu. Weka `skip-name-resolve` chini ya `[mysqld]`, washa huduma upya. Hakikisha kwanza akaunti zako zimeandikwa kwa anwani za IP, maana zilizoandikwa kwa jina la kompyuta zitakataliwa.

Inayochelewa ukiwa ndani, kagua mtandao kabla ya kulaumu kanzidata. Waifai inayopenya kuta mbili za tofali za kuchoma haibaki na nguvu. Waya wa mtandao unatakiwa usizidi mita 100 kati ya vifaa viwili, na ule wa bei ya chini wenye alumini iliyopakwa shaba hufa polepole.

Kama mtandao ni mzima, fungua fomu inayosota uangalie chanzo chake. Fomu inayofungua jedwali lote la mauzo ya miaka sita ili karani aone ya leo ni lumbesa: gunia limeshonewa kofia juu, na mnabeba wote kila asubuhi. Ifungue na rekodi za leo, mengine yaombwe kwa kutafuta. Epuka kuunganisha jedwali lililo ndani ya Access na lililo kwenye seva katika kwiri moja, na epuka kuweka kitendaji cha VBA, msimbo wa Access, kwenye sharti. Vyote viwili hulazimisha Access kuvuta mistari yote ije ichujwe kwako. Ripoti nzito ziandike kama kwiri za kupitisha moja kwa moja, seva ifanye hesabu yenyewe. Na safu unayotafutia kila siku, iwe namba ya mkulima au tarehe, iwekee faharasa (index).

Kila mtu awe na nakala yake ya faili la fomu kwenye kompyuta yake. Watu wanne kufungua faili moja kwenye folda ya pamoja ni kuomba liharibike.

Ukiacha fomu wazi usiku kucha ukakuta kosa 2006 asubuhi, hiyo siyo hitilafu. Seva hukata aliyenyamaza kwa sekunde 28,800, yaani saa nane. Funga, fungua.

Dalili: tawi la Tukuyu haliioni seva ya Mbeya mjini

Haliwezi kuiona, na usilisaidie kwa kufungua poti 3306 kwenye rauta. Roboti za kutafuta kanzidata zilizo wazi huzunguka intaneti usiku na mchana, na zikiingia hufuta majedwali na kuacha ujumbe wa kudai pesa. Isitoshe, rauta nyingi za laini ya simu ziko nyuma ya anwani ya pamoja ya kampuni, kwa hiyo hata ukifungua poti hakuna kinachofika.

Njia ni VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, kwa mfano WireGuard, na ODBC ya tawi iende kwenye anwani ya ndani ya VPN. Hata hapo Access kupitia mtandao wa simu itakuwa nzito. Fomu zako ziwe zimeshapunguzwa kama nilivyosema.

Simama, mlipe mtu wa mitandao: kama hujawahi kuweka VPN, au kama kanzidata ina taarifa za wagonjwa au wanachama wa SACCOS. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamdai mwenye ofisi, siyo kijana aliyegusa rauta. Na ukikuta mtu alishaifungua 3306 zamani, ifunge leo hii, badilisha manenosiri yote, pitia orodha ya watumiaji uone kama yupo usiyemjua, na akiwepo usimfute kabla fundi hajamwona.